Manekeni wa Kabini

Niliharibu magauni tisa bila kugusa uzi hata mmoja. Sasa nimepita miaka arobaini, na kila nikijaribu kulitubia jambo hilo, toba inagoma. Basi nimeona heri niliandike kwa utaratibu, kama nilivyolitenda.

Uhuru wa nchi ulikuwa na miaka minane, mimi nilikuwa na ishirini na moja. Tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, na baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la nyumba yetu. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani akaoa hapa. Kilichobaki cha pwani kwetu kilikuwa dini, pilau la Idi na Kiswahili. Kigali nzima walikitumia Kiswahili chetu sokoni na kutucheka kwa ajili yake nyumbani. Kwa Kinyarwanda, mtu akitaka kusema fulani ni mjanja, ana maneno mawili, haaminiki, anamwita Mswahili. Nililisikia neno hilo shuleni mpaka darasa la sita. Shule iliishia hapo, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada, iliyotupwa na mapadri na kuokotwa na shangazi yangu.

Baba hakumpima mteja aliyenyamaza. Alimzungushia futi kiunoni, kisha akamuuliza, "Watoto wako wanaitwa nani, mmoja mmoja?" Mtu hawezi kutaja watoto sita huku amebana tumbo. Akifika kwa wa tatu pumzi imeshatoka, na hapo ndipo baba alisoma namba.

"Mwili unaopimwa unadanganya," aliniambia. "Mwanamke anabana kiuno, mwanamume anatunisha kifua. Ukiwaamini, nguo inakaa dukani na inakataa nyumbani."

Tangu nilipofika miaka kumi na tano nilisimama kwa niaba ya wateja wasioweza kuja wenyewe: mama aliyejifungua, mke ambaye mumewe hakutaka apite barabarani. Baba alinifunga kitambaa hapa, akanifungulia pale, akaongeza vidole viwili kwa aliye mnene. Nilikuwa na mwili usiobadilika. Asubuhi na jioni, kabla ya Ramadhani na baada yake, futi ilisoma yale yale.

Madamu alikuja kushonesha sketi. Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtu. Alikuwa Mnyarwanda, amekaa Ulaya miaka mingi na mume aliyesomea huko, na alirudi na gari dogo jeupe na neno "ajansi". Aliniona nimesimama na gauni la mteja, pini begani, akasahau sketi yake. Alinizunguka mara mbili. Kisha akachukua futi shingoni mwa baba, bila kuomba, akanipima.

"Mzee," akasema, "nataka kumwakilisha binti yako."

"Kumwakilisha wapi, mahakamani?"

"Kwenye mavazi. Nafungua ajansi ya manekeni. Mwenye duka, hoteli, kampuni ya ndege, akitaka msichana wa kuonyesha nguo anakuja kwangu, na mimi ndiye ninayemtoa."

"Kwa hiyo wewe ni dalali."

"Si dalali, mzee."

"Mtu ana kitu, mwingine anakitaka, wewe umesimama katikati. Kwetu huyo ni dalali. Si tusi, madamu. Hata mbuzi wa Idi tunampata kwa dalali."

Nyuma ya pazia shangazi alicheka mpaka akakohoa. Madamu naye alicheka, na nadhani hilo ndilo lililomlegeza baba. Alitoa masharti matatu: magauni yafike chini ya goti, kazi iwe mchana, na siku ya kutoka mbele za watu shangazi awepo. Madamu alikubali yote bila kufikiri. Ningekuwa na akili niliyo nayo leo, wepesi huo ungenishtua.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kifaransa. Niliomba siku nne, nikakaa nao na kamusi. Neno "manekeni" lilikuwa na maana mbili: sanamu ya mti ya fundi, na mwanamke avaaye nguo ili wateja wazione. Nilichagua ya pili. Kifungu kimoja kilisema kwamba kwa miaka miwili nisingesimama kwa ajili ya mtu mwingine yeyote ila kwa idhini ya ajansi. Hilo nililielewa. Kilichonisumbua ni mstari wa juu kabisa, ulioandikwa kwa mashine: mimi ni "manekeni kabini".

Kamusi ilisema kabini ni chumba kidogo melini, au chumba cha kubadilishia nguo, au chumba cha dereva kwenye lori. Nilimsomea baba maana zote tatu. Siku hiyo mdogo wake alikuwepo, yule aliyeendesha lori la kuleta mizigo kutoka Kampala, na ndiye aliyetoa hukumu.

"Kabini ni mbele," alisema. "Kwenye lori langu mkubwa anakaa kabini. Wengine wote juu ya magunia, mvua yao, jua lao. Wamekupa kabini, mwanangu. Weka saini upesi kabla hawajabadili mawazo."

Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi pia niliridhika. Niliweka saini kwa herufi nilizozifanyia mazoezi kwenye karatasi ya kukatia mifano, na kabla ya adhuhuri shangazi alikuwa ameshamaliza mtaa mzima. Alimweleza kila jirani kwamba mtoto wao atakuwa manekeni, na si manekeni wa magunia, wa kabini.

Ofisi ya ajansi ilikuwa nyumba ya Madamu kule Kiyovu, kilima cha wenye nacho, penye miti na mbwa. Kila siku ya kazi nilipanda kilima hicho baada ya adhuhuri. Chumba cha nyuma kilikuwa na kioo kirefu, meza ya kukatia na stuli pana ya mbao. Nilisimama juu ya stuli. Fundi wa Madamu, mtu wa makamo kutoka Bukavu, alinivika vitambaa vya bei rahisi vya kujaribia, akaweka pini, akavua, akakata, akanivika tena. Nilikatazwa kusema.

"Manekeni hasemi," Madamu alieleza. "Akisema, kifua kinacheza."

Nilisimama hivyo miezi minne. Mguu ukifa ganzi nilihesabu vigae vya dari. Sikulalamika, kwa sababu nilidhani hiyo ndiyo njia yenyewe: unaanza kwa kusimama, unaishia kwa kutembea.

Jumapili walikuja wasichana sita. Wengine walitoka bweni la shule ya masista, ambako waliruhusiwa kutoka siku hiyo moja tu. Wengine walitoka kwenye nyumba za watu wenye madaraka. Madamu aliwafundisha kutembea bustanini, kitabu kichwani, mkono kiunoni, geuka, simama, tazama mbali. Mimi Jumapili nilikuja kupiga pasi. Niliwaona kupitia dirishani na, Mungu anisamehe, niliwahurumia. Nilidhani hao ndio wa magunia. Wanafundishwa mwendo kwa sababu hawajui. Mimi nitaonyeshwa mara moja siku ya mwisho. Hata hivyo nilijifunza kila hatua kwa kuangalia tu, nikairudia nyuma ya meza ya pasi, kati ya ukuta na kabati, hatua tano kwenda, hatua tano kurudi.

Katika miezi hiyo Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini alikuja kwa baba. Aliniona nikipita na alitaka anipige picha nimevaa vitambaa vyake, iwekwe kwenye kalenda ya mwaka unaokuja. Nilimpelekea Madamu ombi hilo nikiwa na furaha.

"Hapana," alisema. "Uliweka saini."

"Lakini madamu, unaweza kutoa idhini. Imeandikwa."

"Naweza. Sitoi. Sitaki mwili wako uanze kuzoea vitu vingine."

Hata hapo nilijipa jibu zuri. Ananiwekea jambo kubwa zaidi.

Jambo kubwa lenyewe lilikuwa onyesho la mavazi kwenye hoteli moja mjini, Jumapili alasiri. Wangekuja mabalozi na wake zao, watu wa wizara, na watu wa kampuni ya ndege waliotafuta sura za matangazo yao. Nilijua kila kitu kuhusu siku hiyo. Nilijua idadi ya magauni, tisa, na kwamba vitambaa vilikuwa njiani kutoka Ulaya. Nilitaka kitu kimoja tu maishani mwangu wakati huo: kutoka nyuma ya pazia nimevaa gauni lililokatwa juu ya mwili wangu, na watu wanitazame mpaka nifike mwisho wa zulia.

Wiki sita kabla ya siku hiyo Madamu alibandika orodha mlangoni. Majina sita. Niliisoma mara mbili kwa kidole. Kisha nikaenda kumuuliza bustanini, mbele ya wale wasichana, na hilo lilikuwa kosa.

"Jina langu limesahauliwa, madamu."

"Wewe? Wewe ni kabini."

"Ndiyo. Ndiyo maana nauliza."

Hakuelewa mpaka nilipomweleza habari ya lori. Nilimweleza yote, na mkubwa anayekaa mbele, na magunia. Alicheka akashika goti. Hakucheka kwa ubaya, na heri angecheka kwa ubaya.

"Mwanangu," alisema akipangusa macho, "kabini ni kile chumba cha kupimia. Manekeni wa kabini ni yule ambaye nguo zinakatwa juu yake. Wateja hawamwoni. Wewe ni mwili. Hawa ndio sura."

"Naweza kuwa vyote viwili. Mwendo ninaujua."

"Umeujulia wapi?"

"Dirishani."

Hapo wasichana nao wakacheka. Madamu alinishika begani, akanisogeza pembeni, akashusha sauti kidogo, si sana.

"Nikusaidie kuelewa. Mgeni wangu akiuliza, yule msichana ni wa nani, nitamjibu nini? Huyu ni binti wa mkurugenzi fulani, yule baba yake ni daktari. Na wewe? Nimwambie nimemletea Mswahili wa Biryogo? Ataanza kushika mfuko wake."

Mpishi wake aliishi karibu nasi, kwa hiyo habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipokuwa nateremka, mwuza sambusa wa kona alisimamisha kijiko hewani.

"Karibu, bibi wa kabini. Magunia yanasemaje?"

"Mwacheni," mwingine akamjibu, "dereva amemshusha njiani."

Waliocheka walikuwa watu wangu, nao sikuwawekea kinyongo. Waliambiwa na shangazi kwamba nimepanda juu, wakaona nimeanguka, wakacheka. Ni haki yao. Deni nililiandika kwa jina moja tu.

Baba alikuwa akikanyaga cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mguu.

"Uliweka saini?"

"Niliweka."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

"Basi simama, mwanangu. Neno ulilosoma vibaya bado ni neno ulilolitilia saini."

Nilirudi Kiyovu Jumatatu, nikapanda stuli. Vitambaa vya Ulaya vilikuwa vimefika. Wasichana wa bweni wasingepatikana kwa kupimwa mpaka siku yenyewe, na Madamu hakutaka yeyote ayaone magauni mapema. Utaratibu wake ulikuwa huu: aliwachagua wale sita kwa sababu vipimo vyao vilikaribiana na vyangu, kwa hiyo gauni likinikaa mimi, litawakaa wao. Utaratibu wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba mwili wangu haubadiliki. Niliufikiria usiku mmoja, siku ya pili nikaanza.

Nilichukua daftari la shule nikaweka ukurasa mmoja kwa kila gauni. La kwanza lilikuwa la hariri ya kijani, kiuno cha kubana. Nilisimama ndani yake nikiwa nimebana pumzi chini ya mbavu, si tumboni, kwa sababu tumbo lililobanwa linaonekana. Sentimita nne zilipotea kiunoni. Niliandika. La pili lilikuwa refu mpaka kisigino. Ndani ya viatu vya kupimia nilitia vipande vya kadibodi, vidole viwili, na pindo likakatwa kwa mtu ambaye hayupo. La tatu nilisukuma mabega nyuma kwa kiasi cha mtu mwenye heshima. Mbele likapanuka, mgongo ukawa mwembamba. Kwa la nne niliuegemea mguu wa kushoto tangu mwanzo mpaka mwisho, nyonga moja ikawa juu kuliko nyingine. La tano nilijaza kifua hewa nikapumua kwa juu juu, kama mtu aliyepanda mlima, na manne yaliyobaki kila moja nikalitafutia mkao wake. Kila jioni nilirudia mkao wa kila gauni mbele ya ukuta, ili kesho niupate ule ule bila kukosea.

Fundi wa Bukavu hakuwa mjinga. Siku ya nne alishusha futi akanitazama.

"Dada, mwili yako inatembea. Wiki ile kiuno iko sitini na tano. Leo iko sitini na moja."

"Nimefunga," nilisema.

"Ramadhani iko mbali."

"Nalipa siku zangu."

Kisha akachukua karatasi yake ya vipimo akampelekea Madamu, nami nikasikia kila neno, kwa sababu mlango haukufungwa. Aliomba apewe vipimo vya wale wasichana kwenye karatasi, akate kwa hivyo. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

"Karatasi inaweza kukosea," Madamu alimwambia. "Ulaya hatukati kwa karatasi. Mwili si uko mbele yako? Kata."

"Madamu, mwili yake..."

"Nimesema kata."

Alirudi. Aliandika kitu pembeni ya karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Halafu akatia pini tano mdomoni, akanitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, akakata. Hakuniuliza watoto wangu wanaitwa nani. Angeniuliza maswali mawili tu, mchezo wangu ungekwisha.

Jumapili ya onyesho shangazi alivaa kanga mpya akanisindikiza, kwa sababu sharti ni sharti hata kama sitoki. Mimi nilitakiwa kuwavika wengine. Chumba cha nyuma ya ukumbi kilikuwa na viti, vioo viwili na pazia zito. Saa tisa alasiri wasichana walivua nguo zao, na kwa muda wa robo saa nilitazama kazi yangu.

Hariri ya kijani haikufunga. Zipu ilipanda mpaka kiunoni ikagoma. Binti wa daktari aliambiwa abane tumbo, akabana, ikapanda kidole kimoja, ikagoma tena. Gauni refu lilijilundika miguuni mwa aliyelivaa kama nguo ya kuazima. La nne lilining'inia upande. La tano lilikuwa na kifua cha mtu mwingine. Madamu alitoka kwa mmoja akaenda kwa mwingine akivuta, akipapasa, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo. Alimgeukia fundi wa Bukavu, aliyekuwa pembeni na pini zake. Fundi alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akamwonyesha alipoandika tarehe na namba na maneno "Madamu amesema kata".

Ndipo macho ya Madamu yakanifikia.

"Vaa hili," alisema.

Nilivaa ile hariri ya kijani. Nilikumbuka ukurasa wangu wa kwanza, nikaweka pumzi chini ya mbavu, na zipu ikapanda mpaka juu bila sauti. Nikavaa lile refu, kwenye viatu vya kupimia vilivyoletwa pamoja na magauni, kadibodi yangu bado ndani. Pindo liligusa sakafu kama lilivyopaswa.

"Utatoka na yote tisa," Madamu alisema. "Haraka. Hawa watakusaidia kubadilisha."

Mambo yote niliyapanga isipokuwa hili. Katika daftari langu hakukuwa na ukurasa wa kuombwa. Upande wa pili wa pazia niliwasikia watu wakisogeza viti.

"Andika kwanza," nilisema.

"Niandike nini?"

"Kwamba mkataba wangu umekwisha."

Alinitazama. Labda alidhani ninataka mkataba mwingine ulio bora. Alichukua karatasi ya hoteli akaandika haraka, akaweka saini, akanipa. Niliisoma. Alikuwa ameandika kwamba mkataba umesimamishwa kuanzia leo.

"Kusimamishwa si kuvunjwa," nilisema. "Kitu kilichosimamishwa kinaweza kuendelea. Andika umevunjwa. Na uandike miaka yote miwili."

"Watu wanangoja."

"Basi andika vizuri."

"Umejifunza wapi Kifaransa hiki?"

"Kwenye mkataba wako."

Aliandika tena. Niliisoma mara tatu, pole pole, neno kwa neno, na mara ya tatu haikuwa na haja. Kisha nikashusha zipu, nikavua gauni, nikalitundika, nikavaa nguo zangu.

"Unafanya nini?"

"Naenda nyumbani. Ajansi yako inaonyesha watu inaowawakilisha. Mimi huniwakilishi tena."

"Uliniahidi."

"Niliahidi nini, madamu? Nilisema andika kwanza. La pili sikulisema."

"Mswahili wewe," alisema, kwa sauti ndogo.

"Wa Biryogo," nikamjibu.

Binti wa daktari alinishika mkono karibu na mlango. Alikuwa analia, rangi ya macho imemshuka mashavuni. "Dada," alisema, "nionyeshe tu unavyosimama. Nitajaribu." Alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa amenikosea lolote zaidi ya kucheka bustanini. Ningeweza kumwonyesha kwa dakika mbili. Niliutoa mkono wake.

Ili kutoka ilibidi nipite karibu na mlango wa ukumbi. Ulikuwa wazi kidogo. Niliona zulia lililotandikwa katikati, jembamba kuliko nilivyodhani, na wanawake wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Nilisimama pale mpaka shangazi akalazimika kunivuta mkono. "Twende," alisema, "au unataka kurudi?" Nilitaka. Hilo nalo liandikwe. Tulitoka kwa mlango wa jikoni.

Walitoka na pini. Watu walisema binti mmoja alikanyaga pindo akapiga magoti mbele ya mke wa balozi, na gauni la kijani lilionyeshwa likiwa limefunikwa kwa shali. Wageni walipiga makofi, maana wageni hupiga makofi, lakini hakuna aliyeagiza. Kabla ya mvua za masika kibao cha ajansi kilikuwa kimetolewa ukutani. Fundi wa Bukavu alirudi kwao na karatasi yake mfukoni, na hakuna aliyeweza kumsema.

Mimi nilikwenda kwa Mhindi na barua yangu. Kalenda ilikuwa imeshachapwa, na msichana mwingine alikuwa ametabasamu kwenye miezi yote kumi na miwili. Sikupata mwingine wa kuniuliza. Sikuwahi kutembea mbele ya watu, si siku ile wala siku nyingine, na mtu akiniambia hiyo ndiyo adhabu yangu, namwambia huenda ni kweli na hesabu bado inanipendeza.

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja alileta gauni kwa baba alirekebishe. Alilipata kwa bei ndogo, Madamu alipokuwa akiondoa vitu nyumbani. Lilikuwa lile la nne. Baba alilitandaza mezani, akapitisha futi nyonga ya kulia, kisha ya kushoto, akarudia. Akaligeuza ndani nje, akatazama mishono. Mteja alipoondoka aliniita.

"Huyu aliyesimama ndani ya nguo hii," alisema, "alisimama kwa mguu mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Kwa saa ngapi?"

"Alasiri za siku tatu."

Alilishika pindo kati ya vidole viwili, akalisugua. Kilikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupita barazani kwetu.

"Kitambaa kilikukosea nini?"

"Hakikunikosea," nilisema. "Kilikuwa karibu kuliko yeye."

Kisha akaniwekea gauni mapajani na wembe juu yake, akarudi kwenye cherehani. Nilianza kufumua kutoka begani. Fundi yule alishona vizuri, mishono midogo iliyolingana, na chini ya kila mshono niliona jinsi nilivyokuwa nimesimama: hapa nimechoka lakini sikusogea, hapa nimevuta nyonga zaidi kidogo, hapa nimeshikilia mpaka mwisho. Baba alidhani ananipa adhabu. Sikumharakishia kazi. Nilifumua uzi mmoja mmoja, nikiisoma kazi yangu.